Namba ya Tatu Ambayo Hakuna Anayetusomea

Mhudumu wa afya ya jamii alifika kwa Susu saa tatu asubuhi, mkoba mgongoni, vumbi la mji wa Emali, Makueni, limempanda hadi magotini. Kabla hajakaribishwa uji, alikuwa amekwisha kutoa mashine ya presha na kuulizia kiti. Susu, bibi yake mke wangu, ana miaka 74, na ndiyo kwanza alikuwa anarudi kutoka kwenye shamba lake la ndengu. Akakalishwa, akaambiwa atulie kidogo, akafungwa ule mkanda kwenye mkono. Mashine ikavuma, ikanyamaza, ikatoa namba tatu.

"Susu, mia moja thelathini na mbili kwa themanini. Presha yako iko sawa."

Ikawa zamu ya shemeji yangu, mjukuu wake, mwenye duka la hadiwea karibu na njia panda ya kwenda Loitokitok. Ana miaka 41. "Mia moja ishirini na nane kwa themanini na mbili. Na wewe uko sawa, kaka." Mhudumu akaingiza namba kwenye simu yake, akakunja mkanda, akanywa uji na kwenda boma la pili.

Mimi nilikuwa nimekaa upande ule ambao uso wa mashine ulinitazama. Namba ya tatu, ile ya chini kabisa yenye kialama cha moyo pembeni, haikusomwa kwa yeyote. Ya Susu ilikuwa 62. Ya shemeji ilikuwa 94. Mwanamke anayekaribia miaka themanini, aliyetoka kupalilia, moyo wake ulikuwa unapiga mara 32 pungufu kwa kila dakika kuliko wa mwanamume wa makamo aliyeletwa kwa bodaboda.

Nimekuwa nikiifikiria ile namba tangu siku hiyo. Kati ya zote tatu, ndiyo pekee ambayo mtu anaweza kujisomea bila mashine, bila umeme na bila shilingi. Tena ndiyo inayobadilika mapema mtu anapoanza kuutumia mwili wake, au anapoacha. Kuiruka ni kupoteza habari ambayo tayari imo mikononi mwetu.

Tuanze kwa kutenganisha mambo mawili ambayo mazungumzo yetu huyachanganya. Mtu akihisi moyo unamwenda mbio husema "presha imepanda". Huenda ni kweli, huenda si kweli. Presha ni nguvu ambayo damu inasukumia kuta za mishipa. Mapigo ni idadi ya mara ambazo moyo unajikunja kwa dakika moja. Mtu anaweza kuwa na presha ya juu na mapigo ya taratibu, na mwingine akawa na presha nzuri huku moyo ukimdunda kama mchi kwenye kinu. Ndivyo ilivyokuwa kwa shemeji. Aliambiwa yuko sawa, na kwa upande wa presha alikuwa sawa.

Kwa mtu mzima aliyetulia, mapigo ya kawaida ni kati ya 60 na 100 kwa dakika. Mtoto mchanga hupita hapo kwa mbali, mara nyingi zaidi ya 120, na kadiri anavyokua ndivyo yanavyoshuka. Wanawake kwa wastani huwa juu ya wanaume kwa mapigo machache, na mjamzito huongezeka zaidi kwa sababu moyo wake unahudumia wawili. Kwa hiyo 94 ya shemeji imo ndani ya mipaka, na hakuna daktari angeshtuka. Lakini mpaka wa 60 hadi 100 ni mpana kama barabara ya Mombasa. Mtu anaweza kuwa ndani yake na bado akawa anaelekea pabaya, akihama kutoka 68 hadi 80, kutoka 80 hadi 92, mwaka baada ya mwaka, na kila mara anaambiwa yuko sawa. Lenye maana kuliko mpaka wa watu wote ni mstari wako mwenyewe: ulikuwa wapi mwaka jana na uko wapi leo.

Hapa nitatumia kipimo ambacho kila mtu wa Emali anakijua, yaani mtungi wa lita 20. Mtu aliyetulia anahitaji moyo wake usukume yapata lita tano za damu kila dakika. Kwa siku nzima ni lita 7,200, ambazo ni mitungi 360. Hakuna punda katika Makueni yote anayebeba mitungi 360 kwa siku, na moyo unafanya hivyo Jumapili na sikukuu, mwenyewe ukiwa na ukubwa wa ngumi tu.

Lita hizo tano zinaweza kupatikana kwa njia mbili. Moyo wa kawaida hutoa takriban mililita 70 kwa kila pigo, kwa hiyo unahitaji mapigo 70 na kidogo. Moyo uliozoezwa hutoa mililita 100 au zaidi, na kazi ile ile unaimaliza kwa mapigo 50. Ni sawa na watoto wawili wanaojaza pipa moja, mmoja ana kopo na mwingine ana ndoo. Wote watalijaza, ila wa kopo atakimbia huku na huku hadi jua lizame. Mapigo ya chini kwa mtu anayefanya mazoezi ni ishara kwamba moyo wake umepata ndoo.

Ndoo hiyo inapatikanaje? Mtu anapotembea haraka, anapokimbia au kupanda mlima, misuli inadai damu nyingi, na moyo unalazimika kusukuma lita kumi, kumi na tano, hata ishirini kwa dakika. Hebu piga picha mtungi mzima kila dakika! Ukirudiwa mwito huo siku baada ya siku, mwili unajirekebisha. Maji ya damu yanaongezeka, na hilo huanza ndani ya siku chache. Chumba cha kushoto cha moyo, kile kinachosukuma damu mwilini, kinapanuka na kuta zake zinapata nguvu. Misuli ya miguu nayo inajifunza kunyonya oksijeni vizuri zaidi, isidai damu ovyo.

Kuna pia jambo la neva. Moyo ukiachwa peke yake, bila amri yoyote kutoka kwenye ubongo, hupiga karibu mara 100 kwa dakika. Madaktari wanalijua hili vizuri kwa watu waliopandikizwa moyo wa mtu mwingine, kwani neva zake hukatwa na moyo huo hukaa karibu na 100 hata mtu akiwa amelala. Maana yake ni kwamba sisi wote tunaishi tukiwa tumekanyaga breki. Breki hiyo ni neva ndefu inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi kifuani. Hasira, hofu, homa, sigara na kukosa usingizi huilegeza. Mazoezi ya mara kwa mara huifanya ishike vizuri zaidi, na pia hupunguza kasi ya kile kitovu cha moyo kinachoanzisha kila pigo.

Wengi tukisikia habari za moyo uliozoezwa, macho yanaelekea Iten na Eldoret, kana kwamba mbio ni urithi wa Bonde la Ufa peke yake. Ukambani ina rekodi yake. Mwaka 1992, mbio za kwanza kabisa za dunia za nusu marathoni zilipofanyika Newcastle, Uingereza, mshindi alikuwa Benson Masya wa Kitui, mwanamume aliyeanza michezo kama bondia. Cosmas Ndeti wa Machakos alishinda Boston mara tatu mfululizo, 1993 hadi 1995. Na Patrick Makau, mwana wa Machakos vilevile, aliivunja rekodi ya dunia ya marathoni mjini Berlin mwaka 2011 kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 38. Hawa walitoka kwenye jua na vumbi hili hili.

Tena kabla ya wao kulikuwa na waliotembea bila kupewa medali. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilishuka hadi Mombasa na pembe za ndovu, ikapanda tena bara na nguo, shanga na waya wa shaba, mamia ya kilomita kwa mguu. Krapf, mmisionari Mjerumani, alipofika kwa Kivoi huko Kitui mwaka 1849, alimkuta mfanyabiashara ambaye utajiri wake ulijengwa kwa miguu. Kutembea kulikuwa njia ya kutafuta mali, na hakuna aliyekuita mazoezi.

Emali ya leo imejengwa na magurudumu. Reli ya zamani ilipita hapa, barabara kuu ya Mombasa inapita hapa, na tangu 2017 treni ya Madaraka inasimama hapa. Malori yanalala hapa. Siku ya soko, Wamaasai wanaleta ng'ombe na mbuzi, Wakamba wanaleta ndengu, maembe na machungwa, na pikipiki zimejipanga kila kona zikimsubiri yeyote anayetaka kwenda hata mita mia tatu. Silaumu bodaboda. Zimewafikisha wajawazito hospitalini usiku na zimewapa vijana riziki. Nasema tu kwamba zimetuchukulia kitu bila kutuuliza, na nauli tunalipa sisi.

Mtazame shemeji yangu. Anaamka saa kumi na moja. Bodaboda inamleta dukani. Anakaa kwenye kiti nyuma ya kaunta mpaka saa mbili usiku. Simenti inabebwa na vijana. Chakula kinaletwa. Chai inaletwa mara nne, na jioni mezani kuna majani ya muguka, kwa sababu hesabu za siku hazifungwi kwa macho ya usingizi. Muguka na miraa zina kemikali inayouchapa moyo kiboko uongeze kasi. Ukijumlisha chai kali, usingizi wa saa tano na madeni ya wateja, 94 haina siri yoyote.

Nilipomwambia hayo alicheka. "Shemeji, mazoezi ni ya watu wa Nairobi wenye vitambi. Huku sisi tunafanya kazi." Ndilo jibu ambalo ningelisikia katika kila duka la mji ule, na lina ukweli nusu. Susu hajawahi kufanya mazoezi hata siku moja, na moyo wake ni wa kuonewa wivu. Lakini Susu anatembea kwenda shambani, anapanda kilima kwenda kanisani, anainama na kuinuka mpaka jua linakuwa kali. Kazi inayokufanya uheme ni mazoezi hata kama haina jina hilo. Kazi ya kukaa kitako saa kumi na nne ni kazi kweli, inachosha kweli, ila moyo haujui kama umefanya chochote. Shemeji anarudi nyumbani amechoka kama Susu. Tofauti ni kwamba uchovu wake uko kichwani na mabegani.

Kuna hoja nyingine aliyoitoa, ambayo nimeisikia hata kwa watu waliosoma: kwamba moyo umepewa idadi yake ya mapigo, na anayekimbia anayamaliza mapema. Tufanye hesabu ya dukani. Mtu wa mapigo 80 akitembea haraka nusu saa, moyo ukipanda hadi 120, ametumia mapigo 1,200 ya ziada. Tuseme baada ya miezi michache matembezi hayo yamemshusha hadi 75, ambalo ni badiliko la kawaida kwa mtu aliyekuwa hafanyi lolote. Mapigo matano kwa dakika ni mapigo 7,200 kwa siku. Ametoa 1,200, amerudishiwa 7,200. Nilimuuliza shemeji kama kuna bidhaa dukani mwake yenye faida ya namna hiyo. Hakujibu.

Sasa tufike kwenye kupima. Asubuhi, kabla ya kushuka kitandani na kabla ya chai, weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba. Usitumie kidole gumba chenyewe kwa sababu kina mshipa wake unaopiga na kitakudanganya. Hesabu kwa sekunde 30 kisha zidisha kwa mbili. Mapigo yakiwa hayana mpangilio, hesabu dakika nzima. Rudia asubuhi tatu, chukua ya katikati, andika kwenye kalenda ukutani. Ukitaka kupima mchana, kaa kimya dakika tano kwanza. Kipimo kimoja hakimhukumu mtu. Shemeji alipohesabu asubuhi tatu alipata 86, 84 na 87, na hapo tukajua kwamba sehemu ya ile 94 ilikuwa ya njiani na sehemu ni yake mwenyewe.

Kuhusu kiasi cha mazoezi, Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Kipimo cha wastani hakihitaji saa ya kisasa mkononi: unaweza kuzungumza na mwenzako, lakini kuimba huwezi. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo. Ukishindwa hata kusema, punguza. Kama una ugonjwa wa moyo, kisukari au maumivu ya kifua, muone daktari kabla ya kuanza. Kisha uwe na subira ya wiki kadhaa, na ujue kwamba ukiacha, moyo nao unaacha. Ndoo hurudi kuwa kopo.

Nisiwafanye watu waabudu namba ndogo. Wanariadha hukaa kwenye 40 na kitu na wakawa wazima kabisa, lakini mtu asiyefanya mazoezi ambaye mapigo yake ni 45 na anasikia kizunguzungu au kuzirai anahitaji hospitali leo. Dawa fulani za presha hushusha mapigo, na mwenye kuzitumia asidhani amekuwa Masya. Kwa upande wa juu, mapigo yanayobaki zaidi ya 100 ukiwa umetulia yana sababu inayotakiwa kutafutwa: malaria na homa nyinginezo, upungufu wa damu, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, ugonjwa wa moyo wenyewe. Hata kiu inatosha. Katika nchi hii ya jua kali, mwili uliopungukiwa na maji una damu pungufu, na moyo hulipia kwa kukimbia. Maumivu ya kifua, pumzi kukatika bila kazi, au mapigo yanayorukaruka si mambo ya kusubiri soko lipite.

Haya yote hayahitaji mradi mpya. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000 nchini na kuwapa vifaa, mashine ya presha ikiwemo. Ilikuwa hatua kubwa, kwani utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu robo ya Wakenya watu wazima walikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu hawakuwahi kupimwa hata mara moja. Mashine zimefika hadi kwa Susu. Kilichobaki ni sentensi moja: "Na mapigo yako ni sitini na mbili." Isomwe kwa sauti, iandikwe kwenye kijikaratasi kibaki nyumbani, na mwenye nyumba afundishwe kujihesabia mwenyewe, ili mhudumu akirudi akute kuna mstari wa kufuata.

Kaunti ya Makueni ina historia ya kutangulia. Mwaka 2016 ilianzisha mpango wa afya kwa wote ambapo familia ililipa shilingi 500 kwa mwaka, wakati katika sehemu nyingi za nchi hilo lilikuwa bado ni ahadi ya jukwaani. Kaunti yenye rekodi hiyo inaweza kufikiria njia za miguu. Kumwambia mtu wa Emali atembee nusu saa alfajiri kando ya barabara kuu, malori yakimpita kwa kiwiko, ni kumtibu moyo na kumhatarisha shingo. Na mwanamke akikimbia huulizwa anakimbizwa na nani. Njia salama, pana, yenye miti, kutoka mjini kwenda shuleni na sokoni, ni kituo cha afya kisichohitaji dawa, na mtoto anayetembea kwenda shule leo hatauliza mazoezi ni ya nani akifika miaka 41.

Shemeji hakuahidi kitu. Hata hivyo mke wangu ananiambia kwamba siku hizi jioni anafunga duka saa moja na kumpitia Susu kwa miguu, dakika ishirini na tano njiani, na wenye bodaboda wameshachoka kumpigia honi. Mara ya mwisho alihesabu 81. Muguka bado ipo mezani. Tusimsifu kupita kiasi.

Susu naye nilijaribu kumfundisha kujipima. Nilimwonyesha mshipa, nikamwonyesha vidole viwili, nikamwambia lakini kwanza akae kimya dakika tano bila kufanya lolote. Alinitazama kama mtu aliyetumwa kumwibia mchana. "Mwana wakwa," akasema, akachukua jembe lake, "hizo dakika tano ananishikia nani hii ndengu?" Akatoka, na mapigo yake yakaenda naye shambani.